Uta wa Tatu Ndio wa Kwanza

Wa kwanza ulikuwa ubao wa msaiprasi,
shilingi mia na themanini, Gikomba.
Niliuchukua kwa kuwa ulinukia vizuri,
kama mtu achaguaye mchumba kwa manukato.
Kifundo kilikuwapo, hakizidi ukucha.
Nilikiona nikakisamehe.
Chenyewe hakikunisamehe.

Wa pili mkaratusi.
Syombua, mwenye duka la mbao, alinionya:
"Huo wa nguzo za stima, mama.
Ukikauka hujipinda usiku bila kuulizwa."
Asubuhi niliukuta chini ya kitanda
umejisokota kama mtoto aliyekataa shule.

Nikarudi. Mvule?
"Wa milango ya watu wenye milango."
Mpingo?
"Mzito. Utampiga mtu nao, mshale hutarusha."
Mjakaranda, basi, uliokatwa pale barabarani?
"Ule ni wa kutazamwa. Ukiukunja, ta!"
Mpera?
"Wa manati. Unakunjika, lakini urefu wako wote ulionyooka
utaupata kwa mpera wa nani?"
Akafuta vumbi la msumeno kwenye kope.
"Mkole. Kwetu Mwingi hilo si swali."

Basi la usiku likaleta fimbo tatu
ndani ya gunia lililowahi kuwa la pojo,
ncha zimezibwa kwa mavi ya ng'ombe zisipasuke.
Nikasema nianze leo leo,
si husemwa samaki mkunje angali mbichi?
Syombua akacheka hadi akashika meza.
"Samaki, ndiyo. Mti umenye gome, kisha ungoje."

Miezi minne juu ya kabati,
mbali na jiko, mbali na dirisha,
nami chini yake nikijumlisha hesabu za wauza kuku,
akiba ya huyu, mkopo wa yule.

Baba alilinda lango Kilimani miaka kumi na tisa
kwa tochi, uta na mishale minne.
Siku ya kustaafu walimhesabia:
koti moja, tochi moja, uta mmoja,
mishale mitatu.
Wa nne wakaukata kwenye mshahara.
Akatia sahihi, akapanda kilima cha Valley Road kwa miguu,
mikono yake haijui pa kukaa.

Mgongo wa uta usiuguse.
Hapo nyuzi za mti zimetoka mwisho hadi mwisho,
ukikata mmoja umekata zote.
Toa tumboni tu, kwa panga, kisha kwa tupa,
kisha kwa kigae cha chupa ya soda,
unyoya kwa unyoya, hadi vidole vinukie maziwa ya mti.
Ukutani kwa choo cha juu nilichora mistari ya makaa.
Mkono wa chini ulikunjika kwa adabu.
Wa juu ulikuwa na kiburi.
Nikaukwangua Jumamosi tatu,
majirani wakidhani natengeneza mwiko wa harusi.

Upote ni nailoni ya fundi viatu, nyuzi sita, nimeisokota
na kuipaka nta ya mshumaa.

Nikauvuta. Haukulia.
Nikauvuta tena, hadi shavuni,
na kitu mgongoni mwangu, si mgongoni mwa mti,
kikanyooka.

Juu ya paa, Kariobangi, Jumapili,
gunia la matambara nimeliegemeza kwenye tangi.
Baba amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
hajasema neno tangu ngazi ya pili.
Nikaachia.

Gunia halikuguswa.
Shuka la Bi Nafula lilipata tundu dogo, safi,
mshale ukaendelea na safari zake
nyuma ya matangi, kuelekea kwa watu tusiowajua.

Nikangoja kelele. Hazikuja.
Nikafungua upote. Uta ulibaki umeinama kidogo,
kama aliyezoea kupita milango mifupi.

Baba akaunyoshea mkono, akaupima uzito,
akakwaruza kiini kwa ukucha.
"Mkole," akasema.
Kisha, akitazama tundu la shuka na anga nyuma yake:
"Wa nne ulikwenda hivyo hivyo."